Kompyuta za masoko ya tumbaku zisome mstari wote wa mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, wanunuzi wa tumbaku, na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta za masokoni hapa mkoani Tabora. Neno langu ni moja. Programu inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali ichukue mstari wote ambao mizani imeutuma, iuchukue kwa mkupuo mmoja, na iutunze kama ulivyokuja. Isiokote uzito huku, hali ya mizani kule na kipimo mahali pengine, kisha ikaviunganisha na kuviita uzito wa robota la mkulima.

Mimi ni fundi mizani. Nilijifunzia kazi kwenye mizani za mawe na za mshale, katika maduka ya mjini na maghala ya mpunga na karanga. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni mizani za kidijitali na nyaya zinazoziunganisha na kompyuta, kuanzia Uyui na Sikonge hadi Urambo na Kaliua. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu kwenye mabanda ya masoko, vumbi likitimka na watu wakisubiri fedha za msimu mzima.

Malalamiko mengi ya wakulima kuhusu mizani huelekezwa kwenye chuma: kwamba imechezewa, kwamba imewekwa mahali pasipo tambarare, kwamba stika ya ukaguzi imepitwa na wakati. Malalamiko hayo yana haki yake, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imeweka utaratibu wa kukagua mizani za biashara. Lakini penye kompyuta, mkulima halipwi kwa namba inayowaka kwenye kioo cha mizani. Analipwa kwa namba iliyoingia kwenye kompyuta ya karani. Katikati ya namba hizo mbili kuna waya, na mwisho wa waya kuna programu iliyoandikwa na mtu ambaye pengine hajawahi kusimama sokoni. Mizani inaweza kuwa sahihi kabisa, stika ikiwa mpya, na bado mkulima akaandikiwa uzito usio wake.

Mizani ya kidijitali haitumi namba tupu. Kila inapotoa taarifa hutuma mstari wa herufi, na mpangilio mmoja tunaokutana nao sana ni huu:

ST,GS,+00062.4kg

Herufi mbili za mwanzo zinaeleza hali ya mizani. ST ni kwamba imetulia, US ni kwamba bado inatikisika, OL ni kwamba mzigo umezidi uwezo wake. Mbili zinazofuata zinaeleza ni uzito wa aina gani: GS ni uzito ghafi, pamoja na kifungashio, na NT ni uzito halisi baada ya kifungashio kutolewa. Kisha inakuja alama ya kujumlisha au ya kutoa, namba yenyewe, na kipimo. Baada ya kg kuna alama mbili ambazo jicho halizioni, ya 13 na ya 10 katika msimbo wa ASCII, ule unaoipa kila herufi namba yake, zinazoiambia kompyuta kwamba mstari umekwisha. Ukihesabu zote ni alama 18. Waya wenyewe ni teknolojia ya zamani: utaratibu wa RS-232 ulitolewa Marekani mwaka 1960, na mpaka leo mizani nyingi zinautumia kwa sababu ni imara na ni rahisi kuutengeneza.

Sisi wa Tabora tunajua mambo ya njia panda ya reli. Mabehewa ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda hupangwa hapa stesheni, na kila behewa lina treni yake. Behewa la Mpanda likiungwa kwenye treni ya Mwanza, litasafiri vizuri tu, litafika salama, na abiria wake watajikuta ziwani. Mstari wa mizani ndivyo ulivyo. Hali, aina, namba na kipimo ni mabehewa ya treni moja, yametoka pamoja katika dakika moja na nukta moja. Ukiyafungua na kuyaunga na mabehewa ya treni nyingine, hakuna kitakachogoma wala kulia. Utapata rekodi safi ya jambo ambalo halijatokea.

Sasa niseme linavyotokea. Mwandishi wa programu hupewa orodha: tunataka uzito, tunataka kujua kama mizani imetulia, tunataka kujua kama uzito ni ghafi au halisi. Anaandika vipande vitatu vya programu, kila kimoja na jukumu lake. Kipande cha kwanza kinasikiliza waya, kinasubiri mstari, kinakata namba na kutupa kilichobaki. Cha pili kinasubiri mstari mwingine, kinakata ST au US na kutupa kilichobaki. Cha tatu vivyo hivyo. Tena kila kipande kina saa yake, kimoja kikiamka kila sekunde moja, kingine baada ya kioo kuchorwa upya. Anajaribu ofisini kwa jiwe la kilo 20 lililokaa kimya juu ya mizani. Yote yanatoka sawa, kwa sababu mistari yote inafanana. Anakabidhi kazi, analipwa, anaondoka.

Sokoni hakuna kitu kinachokaa kimya. Kijana anashusha robota, na mguu wake mmoja bado uko juu ya bamba. Mizani inatuma US,GS,+00066.8kg. Kipande cha kwanza cha programu kinadaka hiyo 66.8. Mguu unatoka, uzito unashuka, na baada ya sekunde moja hivi mizani inasema ST,GS,+00062.4kg. Hapo ndipo kipande cha pili kinaamka na kudaka ST. Kompyuta sasa ina 66.8 na ina neno la kwamba mizani imetulia, na karani anabonyeza kitufe. Mizani haikusema hivyo hata mara moja. Iliposema 66.8 ilisema pia kwamba haijatulia.

Katika mfano huo mnunuzi ndiye aliyeumia. Geuza kidogo. Robota limeegemea goti la kijana, au kona yake imegusa ukuta wa banda, na uzito unaoonekana ni mdogo kuliko ulivyo. Kijana anaachia, mizani inatulia kwenye uzito wa kweli, programu inachukua namba ndogo ya mwanzo na utulivu wa baadaye. Hapo aliyeumia ni mkulima, na hana namna ya kujua, kwa kuwa karatasi aliyopewa haina dalili yoyote ya kosa. Nasisitiza hili kwa sababu watu hudhani kosa la kompyuta litajionyesha kwa namba ya ajabu. Namba ya ajabu ni nafuu, kila mtu ataikataa. Namba inayofanana na kweli ndiyo inayopita.

Lipo jingine ambalo ni baya zaidi, na nililiona katika soko moja ambalo sitalitaja, wala chama wala mnunuzi. Mama mmoja wa makamo alikataa kusaini. Karani, kijana mwenye adabu tu, alimwambia, "Mama, kompyuta haikosei." Yule mama akamjibu, "Mwanangu, robota langu limebebwa na vijana wawili. Lile la jirani kalibeba mmoja. Yatakuwaje na kilo sawasawa?" Kwenye karatasi yote mawili yalikuwa na kilo 48.2. Nilikuwepo kwa kazi nyingine, nikaombwa niangalie. Tuliporudisha robota lake kwenye mizani na kusimama mbele ya kioo chenyewe, kilisoma 71.6. Kioo cha kompyuta kiliendelea kuonyesha namba ya zamani kwa muda, ndipo kikageuka.

Sababu yake ni hii. Herufi zinazofika kwenye kompyuta kabla programu haijazisoma huwekwa kwenye hifadhi ya muda, bafa, ambayo mara nyingi ina nafasi ya herufi 4,096. Hiyo ni mistari 227 ya alama 18. Mizani ilikuwa imepangwa itume mistari kumi kwa sekunde. Programu ilikuwa ikisoma mstari mmoja, inapumzika moja ya tano ya sekunde, inasoma mwingine, yaani mistari mitano kwa sekunde. Nusu ya mistari ilikuwa inabaki kwenye foleni. Haikuchukua hata dakika moja bafa kujaa, na likishajaa, kila mstari unaoingia lazima usubiri mingine 227 isomwe kwanza. Kwa mwendo wa mitano kwa sekunde huo ni ucheleweshaji wa sekunde 45. Soko likichangamka, robota linakaa kwenye mizani kwa muda mfupi kuliko huo. Karani aliyeipa mizani mgongo alikuwa akiona uzito wa robota lililotangulia, umetulia kabisa, una ST yake na GS yake, kila kitu halali isipokuwa kwamba si wa robota hilo.

Yule mama hajui bafa ni nini, na hana haja ya kujua. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya mabega ya vijana. Wangapi wamesaini kwa sababu marobota yao yalikaribiana uzito na ya waliowatangulia, tofauti ikiwa kilo mbili au tatu tu?

Kuhusu mistari inayokatika sitarefusha sana, ila ni lazima itajwe kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hazina tena tundu la RS-232 na watu wengi wanatumia adapta ya USB. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, herufi moja huchukua karibu milisekunde moja kupita, na mstari wa alama 18 huchukua kama milisekunde 19. Adapta nyingi hukusanya herufi kwa muda mfupi, mara nyingi milisekunde 16, ndipo zinazisukuma kwa pamoja. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kufika vipande viwili: kwanza "ST,GS,+0006", kisha "2.4kg". Programu inayosoma chochote kilichofika na kukimbilia kukifanya namba itapata 6, kisha itapata 2.4. Adapta ile ile, programu ile ile, kwenye kompyuta yenye kasi tofauti, mstari unafika mzima. Ndiyo maana utamsikia mtengenezaji akiapa kwamba kwake inafanya kazi, naye anasema kweli.

Na wale wanaonunua kompyuta za mtumba kutoka Ulaya waangalie mipangilio ya nchi. Ujerumani wanatumia mkato mahali ambapo sisi tunaweka nukta ya desimali, na nukta kwao hutenganisha maelfu. Programu isiyojihadhari, ikiwa kwenye kompyuta ya namna hiyo, inaweza kuisoma 62.4 kuwa 624. Hilo, kama nilivyosema, angalau litaonekana.

Haya si matakwa ya fundi mmoja wa Tabora. Shirika la kimataifa la upimaji wa kisheria, OIML, lililoanzishwa mwaka 1955, lina pendekezo namba R 76 kuhusu mizani zisizo za kujiendesha, na ndani yake limeweka kwamba uzito usichapwe wala kuhifadhiwa wakati mizani haijatulia. Mizani zenyewe zinalitii sharti hilo, ndiyo sababu zinatuma ST na US. Tunanunua mizani inayojua kusema "subiri", kisha tunaweka mbele yake programu inayokata neno hilo na kulitupa.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa telegramu enzi za posta na simu za zamani. Alinieleza kwamba kila telegramu ilikuja na idadi ya maneno yake imeandikwa mwanzoni. Aliyeipokea aliyahesabu, na yasipotimia aliomba irudiwe. Hakujaza mwenyewe neno lililopotea, wala hakumpelekea mtu nusu ya ujumbe. Ile ilikuwa habari ya msiba au ya mzigo stesheni, na neno moja likikosekana lingeweza kumfungisha mtu safari isiyo yake. Mizani nyingine nazo zinatuma hesabu ya aina hiyo mwisho wa mstari, zimejumlisha namba za herufi zote ili apokeaye ahakikishe. Nimeona programu zinazoipokea na kuitupa bila kuiangalia. Hata pasipo hesabu hiyo, kuhesabu alama 18 kunatosha kukamata mistari mingi iliyokatika.

Programu njema inafanyaje? Inaweka kila herufi inayofika kwenye chombo chake na kusubiri alama ya 13 na ya 10. Zikifika, inachukua mstari huo mmoja, inahakiki urefu wake, inahakiki kwamba unaanza na ST, US au OL, inaukata kwenye mikato, na kutoka humo inapata hali, aina, uzito na kipimo kwa wakati mmoja. Vyote vinne vinaandikwa pamoja, kwa saa moja, kwenye rekodi moja. Kipande kimoja tu cha programu ndicho kinachoruhusiwa kugusa waya. Wengine wote, iwe kioo, printa au hesabu ya malipo, wanachukua kutoka kwenye rekodi hiyo. Mstari ukiwa na kasoro unatupwa wote, na kioo kinabaki kitupu. Narudia, kitupu. Programu nyingi zikikosa mstari mpya huacha namba ya mwisho kwenye kioo, na karani hana njia ya kujua kwamba anatazama jambo lililopita.

Kuhusu bafa, dawa ni mbili na zote ni nyepesi. Ama programu isome kwa kasi isiyopungua ile ya mizani na kushika mstari wa mwisho uliokamilika, ama mizani ipangwe isitume chochote mpaka iulizwe. Mizani nyingi zina amri fupi ya kuulizwa, herufi moja au neno moja, nayo hujibu kwa mstari mmoja. Mimi hupenda njia ya pili sokoni. Karani anabonyeza, programu inasafisha bafa, inauliza, inapata jibu la sasa hivi; kama jibu ni US inauliza tena mpaka ipate ST. Na kabla ya robota linalofuata, programu itake kuona mizani imerudi sifuri. Hilo la sifuri linazuia robota moja kuandikwa mara mbili, na linamlazimisha kila mtu aone kwamba bamba liko tupu.

Kisha mstari mzima utunzwe. Namba iliyotolewa ndani yake haitoshi, utunzwe ule mstari wenyewe kama ulivyotoka kwenye mizani, na saa yake. Wakisema ni gharama, wafanye hesabu: alama 18 kwa marobota elfu kumi ni herufi 180,000, chini ya ukubwa wa picha moja ya simu. Na kwenye karatasi ya mkulima uchapwe chini, kwa herufi ndogo, hata kama haelewi. Siku akija na malalamiko, afisa vipimo au fundi ataweka karatasi mezani na kuona mizani ilisema nini, badala ya watu watatu kubishana kwa kumbukumbu.

Jambo hili halikomei kwenye tumbaku. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, mita za kidijitali kwenye pampu na matangi zimekuwa sehemu ya kazi zetu, na nyingi zinazungumza kwa utaratibu wa Modbus uliotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Humo kila rejista, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya mita, inabeba biti 16, yaani haiwezi kuvuka 65,535. Jumla ya lita ikizidi hapo hugawanywa kwenye rejista mbili, ya juu na ya chini. Mita ikiwa kwenye 65,535, rejista ya juu ina 0 na ya chini imejaa. Lita moja ikipita, ya juu inakuwa 1 na ya chini inarudi 0. Programu inayoziuliza mara mbili, moja baada ya nyingine, ikikutwa katikati ya badiliko hilo itasoma ama sifuri ama 131,071. Utaratibu wenyewe unaruhusu kuomba hadi rejista 125 kwa ombi moja, kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuziomba kwa kuchangua. Aliyetengeneza utaratibu alijua thamani zinazokwenda pamoja lazima zisomwe pamoja.

Mabani ya kukaushia tumbaku yanayoendeshwa kwa kompyuta ni vivyo hivyo. Kipimajoto kikavu na kile chenye utambi uliolowa hutoa maana vikisomwa kwa pamoja, kwa kuwa tofauti yao ndiyo inayoeleza unyevu wa hewa. Ukichukua kimoja kabla mlango wa moto haujafunguliwa na kingine baadaye, feni itaendeshwa kwa unyevu ambao haumo bandani. Wafugaji nyuki wanaopima asali kwa mizani na kupima maji yaliyomo kwa kipimo kingine nao wahakikishe vipimo viwili vya ndoo moja vinakaa kwenye mstari mmoja wa daftari.

Ninachoomba kifanyike ni kidogo. Chama au mnunuzi anapoagiza programu ya soko, aandike kwenye mkataba kwamba mstari wa mizani usomwe kwa mkupuo mmoja, uhakikiwe, na utunzwe. Kabla ya kuipokea, aijaribu sokoni na siyo ofisini: apandishe robota, aliegemeze, aliachie, alishushe haraka na kupandisha jingine, huku mtu mmoja akisoma kioo cha mizani kwa sauti na mwingine akisoma kompyuta. Achomoe waya katikati ya upimaji aone kama namba ya zamani itabaki. Majaribio hayo yanamalizika asubuhi moja. Maafisa vipimo, ambao wakulima wanawaamini, wakishirikishwa kwenye majaribio hayo itakuwa vizuri zaidi, maana mkulima anaposema "mizani" anakusudia njia yote kutoka bambani mpaka kwenye karatasi anayosaini.

Makarani nao wageuziwe meza. Karani akae akiona kioo cha mizani na cha kompyuta kwa pamoja, na mkulima asimame panapomwezesha kuona vyote viwili. Hili halihitaji programu wala fundi, linahitaji meza isogezwe.

Na kwa walimu wa vyuo vinavyofundisha kompyuta: wanafunzi wenu wanajua kutengeneza kurasa nzuri na hifadhidata, lakini wengi wanaokuja kwangu kuomba msaada hawajawahi kushika kifaa kinachotuma data chenyewe bila kuulizwa. Wanadhani data iko mahali pamoja, imetulia, inawasubiri. Wapeni mizani moja, waya mmoja, na mtu wa kuitikisa wakati wanasoma. Mizani mbovu ya kujifunzia haikosekani kwa mafundi wa mji huu, na kwangu zipo mbili ambazo chuo chochote cha Tabora kinaweza kuja kuzichukua bure kabla masoko hayajafunguliwa.

Fundi mizani,
Ng'ambo, Tabora